Gari Lilale Nje

Kwanza tulilitoa gari.
Orest akalifunika turubai, akalichomeka waya wa kupasha injini
kama mgonjwa anayetundikiwa dripu.
Januari ya Saskatchewan haina masihara:
ishirini na sita chini ya sifuri, na upepo juu yake.
Hakusema kitu. Aliingia ndani akanawa mikono,
akanawa muda mrefu.

Friza ikafuata, na kulungu wa shemeji ndani yake,
kisha matairi ya kiangazi,
viatu vya barafuni vya watoto ambao leo wana ndevu,
makopo ya rangi ya nyumba tuliyokwisha kuiuza.
Nikafagia mpaka sakafu ikakumbuka kwamba ni zege.

Ndipo nikapima.
Mlango: mita mbili, sentimita arobaini na nne.
Nikapima tena. Nikapima mara ya tatu na glavu nimevua.
Kila jirani aliyepita na koleo lake la theluji
aliuliza swali lile lile, kama wamefundishwa shule moja:
“Na itatoka?”
Miaka thelathini na moja nimeendesha basi la wanafunzi,
nimelirudisha kinyumenyume katika tufani jeupe
huku watoto arobaini wakiimba matusi.
Kinachopita mlangoni nakijua.

Meza mbili nikaziunda kwa msonobari,
lakini kiputo cha pimamaji kilikataa kutulia.
Sakafu imeinamia mfereji,
waliimwaga hivyo ili theluji iyeyukayo ijiendee.
Mguu mmoja nikauwekea kibao,
wa pili vibao viwili,
wa tatu kisahani cha mpira wa hoki, kile cha Danylo,
bado kina alama ya jino.
Kiputo kikasogea, kikasita, kikaja katikati kikakaa,
kama mtoto wa mwisho kupanda basi.

Taa nikafunga sita, maana kivuli humdanganya mtoboaji.
Jiliwa pembeni. Tupa, msasa, keekee ya hewa.
Kompresa ilijiwasha yenyewe saa nane za usiku
na Orest akaruka kitandani akiita jina la mbwa
aliyekufa zamani.

Makreti yakaja kwa lori, mawili, marefu.
“Majeneza,” alisema.
Nikamwambia jeneza haliji na kurasa mia tatu za maelekezo.
Ribiti zilikuja kwa kilo, si kwa hesabu,
katika mifuko ya karatasi kama dengu za dukani.
Nilizipanga kwa urefu ndani ya vikombe vya kuokea keki,
na Krismasi hiyo
hatukula keki.

Sasa, ribiti haipigwi na mtu mmoja.
Hili nililisoma ukurasa wa nane, nikalinyamazia wiki mbili.
Mmoja hushika bunduki ya hewa upande huu,
mwingine kule nyuma hushika pande la chuma
na kuipokea ngumi bila kurudi nyuma.
Orest aliingia kutafuta bisibisi.
“Shika hapa,” nikasema. “Dakika moja tu.”

Bati lilikuwa katikati yetu, la mazoezi, jembamba, baridi.
Sikumwona uso.
Kwa kelele ile maneno hayafiki,
tukapatana kugonga:
moja, sawa;
mbili, ongeza;
tatu, imeharibika, itoe.
Ya kwanza, tatu.
Ya pili, tatu, na neno la Kiukraini
ambalo mama yake hakumfundisha.
Ya tatu ililala ubavu kama mlevi.
Akaondoka.
Nikasikia mlango wa jikoni, nikaanza kufunga bomba la hewa.

Alirudi na miwani yake ya kusomea.

Ya nne: kimya, kimya kirefu, nadhani aliipapasa kwa kidole,
kisha
moja.

Tulipiga kumi na saba kabla ya chakula cha usiku.
Nje gari lilikuwa limekwisha kuwa kilima.
“Hebu niambie ukweli,” ilitoka sauti nyuma ya bati,
“mlangoni hapo, itatoka?”

Nikachukua nyundo ndogo
nikagonga mara moja.