Slaidi ya Tisa

Kengele ya mwisho imekwishalia, theluji inaziba madirisha ya Naryn.
Mwalimu Burulcha amebaki na Temirbek wa darasa la nane
na kipanya kinachomponyoka kama sabuni.

Slaidi ya kwanza ameijaza pomoni:
mito, vijito, vina vyake, mwaka wa kila daraja.
"Maneno mengi, mwalimu."
Miaka thelathini na moja sentensi hiyo ilikuwa yake,
kwa wino mwekundu, pembeni mwa madaftari ya wengine.
Anafuta. Kila neno likitoweka
anakohoa kidogo, kama aliyemeza vumbi la chaki.

Kisha anagundua kwamba herufi zinaweza kuruka.
Lo! Jioni nzima barafu inazunguka,
milima inaingia ikipepesuka,
kichwa cha somo kinadunda kama mpira,
hata kijana anashika mbavu.
"Chagua, mwalimu. Ama jiografia, ama sarakasi."

Alhamisi. Pazia limebanwa kwa vibanio vya nguo.
Mto umeganda ukutani, mweupe, bila neno hata moja,
na wale wa nyuma, waliosinzia tangu Septemba,
wanabishana ni wapi barafu inaweza kumbeba farasi.

Anabonyeza mara moja zaidi.
Slaidi ya tisa, ya mazoezi, aliyosahau kuifuta:
Mimi ni Burulcha. Najifunza. Hapa nitaweka picha.

Kimya.
Aijarkyn anainua mkono:
"Mwalimu, picha yenyewe iko wapi?"