Fomu ya Jengo Namba Kumi na Saba

Jina la jengo: limebanduka.
Imebaki NU, na vivuli vya herufi nyingine
mahali jua halikuila rangi.
Muuza vitumbua ng'ambo ya barabara anasema Nuru,
mteja wake anasema Nusrati, wanabishana,
mafuta yanaungua.
Nimeandika yote mawili.

Mwaka: juu ya baraza kuna tarakimu za saruji,
moja, tisa, tatu, kisha kiota cha mbayuwayu.
Sikumfukuza ndege kwa ajili ya tarakimu.

Mahali: Tanga, Ngamiani,
kwenye mitaa inayohesabiwa badala ya kupewa majina.

Walionituma wako mbali. Wanakusanya majumba ya sinema
kama watu walivyokusanya stempu:
la Lisboni, la Karachi, la Havana, na sasa letu.
Masharti yao mafupi: simama mbele, katikati,
mistari inyooke, asionekane mtu.
Asionekane mtu! Tanga, alasiri,
mtaa mzima uko juu ya baiskeli.
Saa nzima nasubiri ukuta mtupu
na kila nikitaka kubonyeza
anakatiza mwanamke, buibui kalikunja gotini,
mikate kwenye kikapu, kengele kriii:
"Shoga, unapiga nini hapo, nyufa?"

Naam, nyufa.

Idadi ya viti: hakuna. Viliondoka kimoja kimoja.
Kimoja nimekikuta kwa kinyozi wa Makorora,
bado kina namba, arobaini na nne,
mtu ananyolewa ndevu juu yake.

Mama yangu, Mwanatumu binti Kibwana, alikaa humu
Jumatano, zamu ya wanawake, saa tisa,
akalia toka taa zizimwe hadi ziwashwe
kwa ajili ya mke wa mtu ambaye lugha yake hakuijua.
Kipande cha tiketi alikifunga pindoni mwa kanga,
akasahau, akafua, kikawa uji.
Hicho kipande alikisimulia mpaka uzee wake.
Filamu yenyewe aliisahau hata jina.

Fomu haina mstari wa hayo.

Hali ya ndani:
mlinzi ni kijana, Shekiondo,
kazaliwa baada ya picha ya mwisho.
Ananifungulia kwa ufunguo wenye kamba ya katani.
Ghala. Viroba vya unga, vyeupe, vimepangwa hadi juu,
na harufu ya pumba inayokaa kooni.
Nafungua miguu ya kamera, natafuta swichi.
"Usiwashe," anasema. "Ngoja kwanza."
Anavuta mlango wa bati. Giza.
Anachomoa kizibo cha gazeti kwenye tundu la msumari.

Na juu ya viroba
barabara ikaingia yote, miguu juu:
anga limelala sakafuni,
baiskeli zinaning'inia kama popo, na zinakwenda,
waliokuwa wakienda Usagara wanarudi,
muuza vitumbua, kichwa chini,
anageuza kitumbua, na hakidondoki.
Kengele iko mgongoni mwetu,
baiskeli yake iko usoni.

"Kila siku saa tisa," anasema. "Labda kuwe na mawingu."

Nimekuja na kamera ndani ya kamera.

Mwanga mdogo, nikaacha lenzi wazi, nikahesabu hadi tisini
huku nimezuia pumzi.
Waliopita wote wamefutika,
hata yule wa mikate, hata kengele yake.
Masharti yangetimia, ila
yeye wa vitumbua, aliyekaa, amebaki,
kapinduka, amejaa tele kwenye kiroba cha kilo hamsini.
Nitawapelekea hivyo hivyo.

Matumizi ya sasa: ghala.
Nikatia alama ya mkato.
Kalamu ikakaa juu ya karatasi muda mrefu.
Na sinema.

Nje, Shekiondo kanyoosha mkono:
"Kiingilio, dada. Mia tano. Watoto bure."
Nikalipa, nikadai tiketi.
Akachana pembe ya mfuko wa unga
akanipa, bila kucheka.
Leo sikuvaa kanga.
Nimeitia kwenye mfuko wa lenzi, nikafunga zipu,
nikaangalia tena kama nimefunga.