Kigoda Chini ya Meza

Meza yangu ni mlango. Ulikuwa wa stoo,
fundi Chidumizi wa Chang'ombe akaung'oa bawabani,
akaupigia miguu minne ya mninga
na tundu la kitasa akaliacha wazi:
"Hapo, dada, pitisha nyaya zako."
Zinapita. Waya wa chaji, waya wa kipanya,
na ule mweupe wa taa ya shingo ndefu
niliyoipigania bei sokoni Majengo
mpaka muuzaji akacheka, akanipa na balbu.

Vumbi la Nkuhungu halibishi hodi.
Mwezi wa nane upepo unalizoa viwanjani,
linakuja kukaa kwenye kibodi, kati ya herufi,
hasa chini ya A,
maana lugha zetu haziishi kuigonga A.
Nina brashi ya inchi moja, haijawahi kuonja rangi.
Nina kitenge kilichoshonewa lastiki pembeni,
usiku naivalisha mashine kama kichanga.

Kompyuta imesimama juu ya kopo la biskuti
lililojaa misumari, lisiteleze,
ili macho yatazame mbele na shingo ipone.
Umeme ukikatika, betri ya akiba inalia pi, pi, pi,
inanipa dakika kumi na mbili
za kuhifadhi kazi na kutafuta kiberiti.

Kazi yenyewe ni kusikiliza.
Wazee walirekodiwa Mvumi, wengine Chilonwa,
wakieleza miaka ya njaa,
nami naandika kila neno: Kigogo juu, Kiswahili chini.
Nalipwa kwa dakika ya sauti,
si kwa saa ya mgongo.
Penye upepo, penye mbuzi, penye kikohozi,
naandika kwenye mabano: haisikiki.

Na miguu yangu haifiki sakafuni.
Kiti kikishuka, meza inanifika kwapani;
kikipanda, magoti yanakufa ganzi.
Nikatafuta cha kukanyagia, nikakiona kigoda cha mama,
kimelainika katikati kwa kukaliwa.
Kilitosha kabisa. Kana kwamba kilinisubiri.

Shangazi Nyemo akaja kutoka Kongwa na karanga mfukoni.
"Mbukwa," akasema mlangoni,
kisha macho yakashuka chini ya meza, yakabaki huko.
"Perpetua. Hicho ni kiti.
Hapo wifi yangu aliketi akikusongea ugali.
Leo unakikanyaga?"

Nilikuwa na maneno ya daktari, ya magoti na nyuzi tisini.
Nikayameza.

Akakivuta mwenyewe, akakifuta kwa upindo wa kanga,
akakaa papo hapo, kidevu usawa wa kipanya.
"Na hivyo vya masikio, vinasema nini?"
Vimefungwa plasta ya kidonda upande wa kushoto.
Nikamvalisha juu ya kilemba.
Mzee wa Mvumi akaanza upya.

"Ee," shangazi akamjibu. "Ee. Ndiyo."
Akamjibu hivyo dakika tatu nzima,
mzee wa watu asijue.
Ya nne ikafika: mbuzi, upepo, mabano yangu.

"Rudisha."
Nikarudisha.
"Rudisha tena."

"Anasema *ilende*. Mlenda mkavu.
Waliuchemsha hata chumvi ilipokwisha.
Wewe umeula miaka mingapi,
leo hii usiusikie?"

Nikafuta *haisikiki*.
Tukafuta nyingine sita kabla kuku hawajaingia bandani,
ya saba ikatushinda,
shangazi akasema huyo alikuwa analia tu, muache.

Sasa ni usiku. Yeye anakoroma chumba cha pili.
Kigoda kipo kando yangu, visikizi juu yake,
sikigusi.
Miguu inaning'inia kama ya mtoto kanisani.
Jirani anajenga choo; kesho nitamwomba tofali moja,
nilivishe soksi.