Kinundu

Filamu ya jino ni ndogo, kama stempu ya barua,
na kwenye pembe yake pana kinundu,
chembe tu; jicho hulipita,
hadi ukipapase kwa ncha ya kidole.
Kikikuelekea, unatazamana na mgonjwa uso kwa uso.
Kikikupa kisogo, kushoto kwake kumehamia kulia
na hakuna atakayekwambia.

Asubuhi ile Makadara haikuwa na stima.
Jenereta ikikohoa chini ya ngazi,
benchi limejaa hadi mlangoni,
mikono yangu imo ndani ya glavu mbili mbili,
kwa usalama, nilijiambia.
Nikaichomeka filamu mbele ya taa.
Sikupapasa.

Fundi Msellem, mshona kanzu wa Kibokoni,
shavu la kushoto limemuumuka kama hamri la alfajiri.
Kabla ya sindano alinyoosha kidole:
"Huku, mwanangu."
Baada ya ganzi, pamba mdomoni,
alisema kitu tena, akatikisa kichwa,
nasi tukamwambia tulia, baba,
hutaumia.

Hakuumia. Hilo ndilo linaloniuma.
Chonge ya kulia ilitoka nzima,
mzizi mrefu, hauna doa,
ikalia kwenye sahani ya chuma.
Daktari Mghoi akaitazama
kama mtu aliyefungua barua isiyo yake.
"Nadzua," alisema polepole, "nipe ile filamu."
Nikavua glavu. Nikapapasa.

Hakumung'unya maneno:
"Baba, nimeng'oa jino lisilo na kosa.
Kosa ni letu."
Fundi aliiomba chonge yake, akaigeuza viganjani,
akanionyesha kwenye ncha yake kijia chembamba
kilichochimbwa na uzi, miaka arobaini.
"Sasa uzi nitaukata kwa nini?"
Hakuwa akituuliza sisi.

Daftari la matukio lilikuwa jipya, halina hata mstari.
Meneja alisema, andika kwa penseli kwanza.
Niliandika kwa wino.

Wako watu kazi yao ni kuyakusanya makosa haya,
kuyapanga kwenye majedwali,
moja kwa elfu, moja kwa elfu ngapi sijui.
Nawaombea uzima, wasichoke kuhesabu.
Lakini kinywa cha Msellem ni kimoja,
elfu haimo ndani yake.

Ya kushoto ilitibiwa mzizi, ikapona.
Mahali pa ile nyingine tulimpa ya bandia;
aliivaa Ijumaa mbili, akairudisha kikombeni:
jino la pembe, alisema, si dawa ya pengo.
Ile yake halisi anaiweka kwenye kopo la vifungo,
na mkasi mdogo humning'inia shingoni.

Siku hizi napapasa kwa kidole kitupu,
kisha namwambia mgonjwa: weka kidole chako mwenyewe.
Kisha namwambia tena.
Wengine hucheka. Wengine huangalia saa.

Juzi nilimpelekea sare yangu ya kazi aipunguze.
Alinizunguka na futi, pini midomoni,
akauliza ni bega lipi linaloshuka.
"La kushoto," nikasema.
Akasimama, chaki mkononi.
"Kushoto kwako," akauliza, "au kwangu?"