Gramu Arobaini

Saa kumi alfajiri Kolhapur bado imelala,
ila mimi, na bomba la jirani linalokohoa,
na treni mbili za kwenye karatasi:
moja imetoka Miraj, moja imetoka Pune,
zitakutana wapi?
Nimezikutanisha mara elfu.
Bado zinanichelewesha.

Mwaka wa tatu wa shahada ya biashara.
Mchana nasoma kodi na ukaguzi wa hesabu,
jioni napanda ngazi za juu ya duka la dawa
ambako Bwana Dhotre, chaki imemwingia mpaka nyusini,
hutufunza kukisia kwa adabu:
"Swali usilolijua, lisalimie, ulipite."
Tuko sitini, feni moja.
Kila Jumapili jaribio, na Jumatatu
majina yetu yamebandikwa ukutani
kama bei ya sukari guru.

Shule ninayoitaka haiulizi umepata ngapi,
inauliza umewapita wangapi.
Katika kila mia, niwaache nyuma tisini na tisa.
Nilimweleza baba. Akaweka chini bisibisi:
"Na hao tisini na tisa mnawapeleka wapi?"
Jibu halikuwamo
katika yale machaguo manne.

Baba ni fundi wa mizani.
Sokoni wanamjua kwa kisanduku chake
cha mawe ya shaba: gramu moja, mbili, tano,
yamelala juu ya mahameli kama meno ya mtoto.
Huyanyanyua kwa kibano.
Jasho la kidole, asema, nalo lina uzito.

Sasa fomu. Ukurasa wa nne:
Eleza siku uliyolazimika kuchagua
baina ya faida na haki. Maneno mia tatu.
Shalmali ameazima kisa cha binamu yake,
amekipaka rangi, kinameremeta.
Mimi kisa ninacho.
Ndiyo shida.

Msimu uliopita wa miwa, Nimbalkar mnunuzi
alimvuta baba kando ya tanuri:
"Ile mizani kubwa, fundi, ilegeze kidogo.
Isome pungufu gramu arobaini kwa kila donge.
Mkulima gani atahisi?"
Baba hakugomba. Alifunga kisanduku,
akasema goti linamuuma, akapanda baiskeli.

Nimbalkar ndiye aliyeahidi
kunidhamini mkopo wa karo.
Tangu siku ile hapokei simu.

Nikiandika, nitakuwa nimekipeleka sokoni
kitu ambacho baba alikataa kukiuza,
tena kwa bei ya kiti darasani.
Hata hivyo niliandika. "Alikataa kishujaa."
Nikafuta. Hakuna shujaa aliyepita pale,
palikuwa na mtu mwenye madeni
aliyesingizia goti.
Nikaandika hivyo: goti.
Nilipohesabu, maneno mia tatu na arobaini.

Arobaini tu! Nani atahisi?
Nilicheka peke yangu, mama akauliza kulikoni.

Usiku nikamsomea baba, sauti ikinitetemeka
kuliko siku yoyote ya jaribio.
Alisikiliza huku akifuta lile jiwe la gramu mbili,
akalifuta, akalifuta.
"Toa yanayonisifu," alisema.
Nikatoa. Yakabaki mia mbili tisini na sita.
Nikaanza kutafuta manne ya kujazia.
"Ya nini?" akauliza.

Siku ya mtihani tulifika kabla ya lango kufunguliwa.
Mlinzi akanivua saa, bangili, hata kibanio cha nywele,
akanikabidhi penseli moja isiyo yangu.
Niligeuka kumpungia baba.
Alikuwa amekaa ukingoni mwa mtaro,
baiskeli imeegemea ukuta,
analikanda goti kwa mikono miwili,
na safari hii
hakuwa akisingizia.