Dakika Saba

Mama yangu, kule Igoma, akiulizwa kazi yangu
husema: "Anatengeneza kompyuta za maiti."
Majirani hunyamaza. Hunipisha njiani
kama mtu aliyebeba jeneza begani,
nami nimebeba laptopu
na mita tatu za waya wa mtandao.

Damu siijui. Damu ni ya Dokta Nyanzobe
na vichupa vyake vyenye namba badala ya majina.
Ninachojua mimi: mashine yake ya vinasaba
isipoongea na seva, kichupa ni kichupa tu,
na aliyemo hana pa kwenda.

Usiku huu wadudu wa ziwani wamepanda mlima.
Wameinuka majini kama moshi wa nyumba inayoungua,
wakavuka Kirumba, wakaja Isamilo,
wakapenya wavu wa dirisha wakifuata taa,
wakaingia kwenye feni ya seva wakafia humo kwa maelfu.
Saa nane, simu: "Lushinge, mfumo umelala."
Umelala! Kama mtoto. Kama una shuka.
Nikapiga magoti kwenye vigae, mswaki mkononi,
mswaki wa meno, mpya, mia saba dukani,
nikachokonoa mabawa konzi baada ya konzi.
Yananuka dagaa.
Feni ikakohoa. Ikazunguka. Taa ya kijani.
Kazi hii hupigiwa simu,
haipigiwi makofi.

Lakini saa.

Seva ilipoamka ilikuwa nyuma dakika saba.
Zamani ningeiacha. Dakika saba ni nini Mwanza,
ambako kikao cha harusi cha saa kumi huanza saa moja?
Kisha siku moja nikaitwa mahakamani,
suti ya kuazima, mikono ya koti imenifika vidoleni,
na wakili akaishika karatasi yangu kwa kucha
kama kitu kilichookotwa mtaroni:
"Shahidi, sampuli ilipokelewa saa tatu na dakika kumi.
Kompyuta yako inasema ilipimwa saa tatu na dakika tatu.
Ilipimwa kabla haijafika?
Maabara yenu inaota?"

Watu wakacheka. Mshtakiwa naye akacheka.
Karani aliinama akajifanya anatafuta kalamu.
Benchi la mwisho, mwanamke wa Kome,
begi la nailoni mapajani, hakucheka.
Ndiye aliyetuletea mswaki wa binti yake
umefungwa kwenye leso,
ili tulinganishe.

Kesi ikaahirishwa. Ikaahirishwa tena.
Kila mara alivuka maji akaja,
kila mara aliniamkia kwa jina,
na sikuwahi kumwambia jina langu.

Kwa hiyo usiku huu sikuondoka.
Nikairudisha saa mahali pake,
nikafungua daftari gumu, lile la kurasa mia mbili,
nikaandika kwa kalamu ya wino, si kwenye kompyuta,
maana mtuhumiwa hajiandikii maelezo:

Saa ya seva ilikuwa nyuma dakika saba.
Imesahihishwa saa tisa na nusu usiku.
Chanzo: wadudu.

Nikalitazama neno hilo la mwisho.
Wakili atalipenda. Atalizungusha mdomoni kama pipi.
Nikaliacha. Nikatia sahihi.

Alfajiri Dokta akaingia na chupa ya chai.
"Imepona?"
"Imepona."
Hakuuliza zaidi. Akavaa glavu,
akakiita kichupa cha kwanza kwa namba yake,
taratibu, kama mtu anayeamsha mgeni.

Mswaki nimeuosha mara mbili. Bado unanuka ziwa.
Nimeandika kwenye mpini, kwa herufi kubwa, FENI,
usije ukadhaniwa
ni wa mtu.