Kiti cha Mbele

Viti mia mbili nilikodisha Kibaigwa,
uwanjani, nyuma ya soko la mahindi.
Vimerudi mia moja tisini na tisa.

Tulidhani tairi la lori limepasuka.
Kumbe mgombea alikuwa ameinuka tu
kumwokotea Bibi Sechelela fimbo yake,
na kiti nyuma yake kikabaki na tobo,
dogo, la kupitisha kidole.

Polisi wamekichukua, wamekifunga nailoni
kama maiti. Wakaniuliza chama changu.
Nikasema mimi ni wa viti.

Ila sikuwaambia hili:
Chilongani, huyo waliyemtia pingu,
ndiye aliyenisaidia asubuhi kuvipanga.
Alivifuta vumbi kimoja kimoja kwa shati lake.
Kile cha mbele
alikifuta mara mbili.